Sura ya pili imefika kurasa 160 na bado supavaiza haoni kitu, nianzie wapi?

Swali: Daktari habari ya leo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nafanya kazi ofisi moja hapa tao na niko mwaka wa tatu wa PhD ya mambo ya biashara. Topiki yangu ni malipo ya kidijitali kwa sacco za matatu, vile vyama vya ushirika vya wenye magari, hapa Nairobi. Propozali ilipita mwaka jana, nina malengo sita, sura ya pili ya mapitio ya maandiko imefika kurasa 160, hojaji iko na maswali 84, na sampuli ni watu 300 kutoka kwa 1,200 nikitumia fomula ya Yamane ya kukadiria ukubwa wa sampuli. Supavaiza mmoja ananiambia niende fildi haraka, mwingine anasema hajaona hasa natafuta nini. Nimechoka. Niendelee kuandika ama niende steji nikusanye data? – Dada wa Umoja

Jibu: Dada yangu salamu, na pole kwa kuchoka. Steji usiende bado, na hiyo sura ya pili ifunge kwa wiki mbili usiiguse hata kwa kuongeza koma. Supavaiza wa pili ndiye ameona shida, ingawa hakuisema kwa njia ya kukusaidia. Kurasa 160 si dalili ya bidii peke yake, mara nyingi ni dalili kwamba mtu hajui ni nini hahitaji kusoma, kwa hivyo anasoma kila kitu. Nalijua hilo kwa sababu yangu ilifika 140 na nikakata 90, na siku ya kuzikata nililia kidogo.

Chukua karatasi moja, ama fungua Excel ukipenda, uweke kila lengo kwa mstari wake halafu mbele yake ujaze hivi: swali lenyewe ni gani, nahitaji data gani, ni nani ako nayo, nitaichambua vipi, na jedwali la majibu litakaa aje. Usiandike sentensi ndefu, maneno machache tu. Ukifika kwa lengo ambalo huwezi kuambia mtu ni nani atakupa hiyo data, hilo si lengo, ni nia njema, litoe. Najua kubadilisha malengo baada ya propozali kupita kunahitaji supavaiza wote wawili wakubali na pengine barua kwa idara, lakini hiyo barua ni kazi ya wiki chache, na kukusanya data ya malengo sita ambayo hayashikani itakumeza mwaka mzima.

Hebu tutumie topiki yako. Nikikisia, kati ya hayo sita kuna moja linasema "kuchunguza changamoto za malipo ya kidijitali". Hilo linaweza kumeza dunia. Sasa kumbuka vile mambo yalienda hapa kwetu. BebaPay ya Google na Equity ilianza 2013, 2014 serikali ikataka nauli zote zilipwe bila keshi, na kufikia 2015 BebaPay ikafungwa na sisi tukaendelea kumpea makanga noti mkononi kama kawaida. Lakini M-Pesa hiyo hiyo makanga anaitumia kila siku, hata nauli ukimtumia kwa namba yake anachukua bila shida. Kwa hivyo simu haina makosa! Shida ni pesa inaangukia kwa nani. Mwenye gari anataka hesabu yake ya siku, yaani kile kiasi alichopanga apewe kila jioni, kinachobaki ni cha dereva na makanga, na katikati kuna mafuta, kuna pesa ya steji, kuna zile zingine unazijua, zote zinalipwa hapo hapo kwa keshi. Nauli ikienda moja kwa moja kwa akaunti ya tajiri, makanga anabaki akingoja huruma. Sasa ukiuliza "je, mfumo wa hesabu ya siku unabadilisha vipi utayari wa makanga kupokea nauli kwa tili (namba ya kulipia ya M-Pesa) ya sacco?", hapo una kitu unaweza kupima, unaweza kulinganisha gari za hesabu na gari ambazo wafanyakazi wanalipwa mshahara, na supavaiza akikuuliza unatafuta nini unamjibu kabla lifti haijafika.

Ukishapata malengo matatu ya aina hiyo, manne yakizidi sana, fanya kitu ambacho watu wengi hukiacha hadi mwisho: chora majedwali ya sura ya nne, ile ya matokeo, yakiwa matupu. Vichwa vya safu, majina ya mistari, namba hakuna. Halafu pitia hojaji yako swali kwa swali uulize, hili linaingia jedwali gani? Lisipoingia popote lifute, hata kama ulilipenda. Hayo 84 yataanguka hadi 30 hivi, na itakuwa baraka kwa sababu makanga aliyesimama mlangoni na gari iko karibu kujaa hana dakika 40 za kukupa, atakuwekea tiki chini moja kwa moja bila kusoma, na wewe utaenda kuichambua hiyo kama data. Mimi nilishafanya hivyo, nikabaki na kurasa nne za majibu ambazo hazikutumika popote na watu wa kweli walikuwa wamepoteza muda wao kuzijaza.

Tuje kwa sampuli, hapa ndipo wengi huulizwa siku ya kutetea tasnifu na wanaanza kutoa jasho. Hesabu yako iko sawa: 1,200 gawanya kwa 1 jumlisha 1,200 mara 0.0025 (kosa la asilimia 5, 0.05 mara 0.05), yaani gawanya kwa 4, inakuja 300. Jedwali la Krejcie na Morgan la 1970 lingekupa 291, karibu ni kitu kimoja. Tatizo ni kwamba fomula hizo zinadhani umechagua mtu mmoja mmoja kwa bahati nasibu kutoka kwa orodha nzima ya watu 1,200, na wewe hutafanya hivyo, utachagua sacco kwanza halafu uingie ndani yake uokote watu. Watu wa sacco moja hufanana: mwenyekiti mmoja, ruti moja, sheria moja ya tili. Ukihoji makanga 30 wa sacco moja hujapata maoni 30 tofauti, mengine ni marudio. Kuna hesabu ya hiyo: 1 jumlisha idadi ya watu kwa kila sacco toa mmoja, mara kiwango cha kufanana. Tuseme kufanana ni 0.05, ambayo si kubwa. Sacco 10 za watu 30 kila moja: 1 jumlisha 29 mara 0.05 ni 2.45, kwa hivyo wale 300 wako wanakuwa na uzito wa watu kama 122 tu. Ukichukua sacco 20 za watu 15, inakuwa 1.7, na uzito unapanda hadi 176. Watu ni wale wale 300, nauli yako ya kuzunguka ndio imeongezeka. Basi ongeza sacco, punguza watu ndani ya kila sacco, na uandike kwa sura ya tatu, ile ya mbinu, kwamba ulifikiria hivyo, mtahini akiona hiyo aya anakuangalia na jicho lingine.

Na hiyo 1,200 ulitoa wapi? Kama ni rejista za ofisi za sacco, jua wale wa skwodi, wanaoshika gari raundi mbili tatu mwenyewe akienda kula, mara nyingi hawamo. Na hao ndio hasa wanaishi kwa keshi. Lazima uwatafutie njia hata kama ni mahojiano ya kukaa chini na watu 20 hivi, na kwa lile swali la "kwa nini" hayo mahojiano yatakupa mengi kuliko hojaji.

Vibali sitakawia hapo, ila fuata mpangilio: chuo, halafu kamati ya maadili iliyotambuliwa, halafu leseni ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, chini ya sheria ya 2013, ambayo ni ya mwaka mmoja, halafu unajitambulisha kwa ofisi za kaunti. Usikusanye hata hojaji moja ya kweli kabla ya hapo, idhini ya maadili hairudi nyuma kufunika data uliyookota mapema. Supavaiza anayekuambia kimbia fildi pengine amesahau kuuliza kama karatasi ziko tayari. Namba za simu za watu unaowahoji zifungie faili yake mbali na majibu, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu hata wewe mwanafunzi. Hojaji ijaribu kwanza kwa sacco ambayo haimo kwa sampuli, na ukipata alfa ya Cronbach (kipimo cha kama maswali yanaendana) ya 0.9 usishangilie haraka, hiyo alfa hupanda tu ukirundika maswali yanayofanana.

Kuandika sasa. Usianze na sura ya kwanza. Anza na ya tatu ukitoka tu fildi, wakati bado unakumbuka ni sacco gani ilikukatalia na kwa nini, geuza kila "nitafanya" ya propozali kuwa "nilifanya" na ukweli uliobadilika uingie, watu wengi hufika mbele ya watahini bado tasnifu inaongea kama itafanyika kesho. Halafu ya nne, kwa kuwa majedwali ulishayachora. Halafu ya tano, na ni baada ya hiyo ya tano ndio unarudi kwa zile kurasa 160 na mkasi. Kila kazi uliyoitaja lazima iwe inaonyesha pengo lako ama ikutane na matokeo yako kwa sura ya tano, isiyofanya moja kati ya hayo mawili inatoka. Usiitupe, iweke kwa Zotero, ile programu ya kuhifadhi marejeo, haina gharama na siku moja utaihitaji kwa makala.

Ndio, makala. Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inataka angalau mbili zilizopitiwa na wataalamu kabla ya kuhitimu, na jarida zuri linaweza kukaa na yako miezi mingi, kwa hivyo lengo la kwanza likiisha kuchambuliwa anza kuligeuza makala usingoje tasnifu iishe. Zile imeli za "tutachapisha kwa siku tano ukilipa dola" zifute. Na wale jamaa wa kuandikia watu, unawajua, mji umejaa, hata ukiwa umechoka vipi usiwapigie, kwa sababu mtahini atakuuliza ni kwa nini ulichagua sacco 20 na si 10 na hakutakuwa na mtu wa kumtazama.

Kuhusu supavaiza wawili wanaovutana, usiwe ukibeba maneno ya huyu kwa huyu. Tengeneza hilo jedwali la malengo, watumie wote kwa imeli moja na swali moja tu, "haya matatu yanatosha?", wakijibu tofauti waombe mkutane pamoja nusu saa, na mkimaliza uandike mlichokubaliana uwatumie siku hiyo hiyo. Na ukitaka nikuangalilie kabla hujawatumia, nitumie huo ukurasa mmoja. Zile 160 kaa nazo.