Kujitolea maisha kwa familia fukara: unaanzia wapi?

Ndugu uliyeuliza kama mtu anaweza kuacha ajira akasimama na familia fukara kabisa maisha yake yote: inawezekana. Njia ninayoifahamu ni ya wajitoleaji wa kudumu wa ATD Fourth World, shirika la kimataifa la kupambana na ufukara, walioko Dar es Salaam tangu 1999. Posho ni ya kujikimu tu, na mkongwe hamzidi mgeni. Kama una wazazi au wadogo wanaokutegemea, yamalizeni nyumbani kwanza, maana hilo ndilo huwarudisha wengi.

Mwanzilishi wa ATD, padri Joseph Wresinski, mwenyewe alikulia katika ufukara. Mwaka 1956 alifika kambi ya familia zisizo na makazi ya Noisy-le-Grand, nje ya Paris, akasimamisha ugawaji wa supu na kufungua maktaba, chekechea na mahali pa kufulia. Wengi husoma habari hiyo wakaona ukatili. Mimi naona ndiyo kiini cha kazi yote: mtu akizoeleka kuwa wa kupokea tu, hakuna anayemuuliza anafikiri nini.

Miezi ya mwanzo usianzishe mradi wowote. Shika siku moja na saa moja ya wiki ya kusoma vitabu na watoto mtaani kwao, mvua inyeshe jua liwake. Maktaba ya mtaani haihitaji zaidi ya mkeka, vitabu ishirini hivi vya picha, karatasi na rangi. Kwenye machimbo ya mawe ya Kunduchi, Dar es Salaam, kwa mfano, mama anaponda kokoto kwa nyundo na kuuza kwa ndoo, mtoto yuko pembeni yake. Mkeka utandikwe hapo hapo. Ukiutandika ofisi ya serikali ya mtaa utawapata watoto wenye viatu, na yule uliyemfuata hutamwona. Kila wiki jiulize nani hakuja, kisha mfuate kwake.

Baadaye familia zitakuambia shida zao, na mara nyingi mojawapo ni cheti cha kuzaliwa. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, anzeni kituo cha afya au ofisi ya kata. Kwa mkubwa aliyezaliwa nyumbani, kusanyeni kwanza vielelezo: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha shule, barua ya mtendaji. Majina yalinganisheni herufi kwa herufi kabla ya kwenda RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, kwa sababu Mwajuma wa kadi akiwa Mwajabu wa shule, mtarudishwa, na nauli ya kurudi tena mzazi hana. Siku yake ya kipato pia imepotea. Hapo ndipo watu hukata tamaa, halafu huitwa wazembe.

Dirishani, mzazi ndiye aongee. Karani akikugeukia wewe kwa sababu umevaa vizuri, mwambie, "Mwenye shida ni mama huyu," unyamaze. Atachukua muda kujieleza, mwache. Ukimsemea leo, safari ijayo hatathubutu kwenda peke yake.

Usipige picha. Usimpe mmoja fedha kimyakimya, kwani jirani atajua kabla ya jioni na mama huyo ataandamwa kwa maneno. Ukihamishwa, mpeleke mwenzako nyumba kwa nyumba kwa miezi kadhaa kabla hujaondoka. Familia hizi zimeshaachwa mara nyingi na watu waliokuja na ahadi.