Ramani imekufikisha kwenye jengo, mlango je?

Wiki hizi meseji nyingi zilizoingia ni za wanavyuo na ramani za simu, nadhani kwa sababu wageni ni wengi na kila mtu anatafuta venyu. Nimechukua tano.

Shikamoo kaka. Mi niko mwaka wa kwanza, wiki ya kwanza tu nishachelewa lekcha mbili. Nafuata ramani ya simu vizuri kabisa, inaniambia umefika, nikiinua macho niko nyuma ya jengo, ukuta mtupu. Simu yangu sio ya gharama, ndo tatizo?
*Mwaka wa kwanza*

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa hizo lekcha. Simu yako haina kosa. Setilaiti za GPS ziko kama kilomita 20,200 juu ya ardhi, simu inahitaji kuzisikia angalau 4 ndo ijue uko wapi, na ukiwa sehemu ya wazi hata simu ya kawaida inapatia kwa tofauti ya mita 5 hivi. Ni kweli katikati ya majengo marefu mawimbi yanagonga kuta kwanza ndo yanafika, yanakuwa yamechelewa kidogo, simu inakosea umbali na kile kidoti cha bluu kinahama hama. Ila hiyo inakirusha kidoti huku na kule, isingekupeleka nyuma ya jengo lile lile kila mara.

Tatizo lako ni mlango. Kwenye ramani nyingi jengo ni umbo tu lenye pini katikati, hakuna aliyeweka mlango uko wapi, kwa hiyo programu inafanya inachoweza, inatafuta barabara iliyo karibu zaidi na hiyo pini inakupeleka hapo alafu inasema umefika. Kama barabara ya magari inapita nyuma ya jengo na mlango uko mbele kwenye bustani, basi utaishia nyuma kila siku. Na njia yenyewe ni hivyo hivyo, hizi programu zinatafuta njia fupi kwa hesabu ambazo mizizi yake ni kazi ya Mholanzi mmoja, Edsger Dijkstra, aliyeibuni 1956 akaichapisha 1959, nazo zinaona vitu viwili tu, vituo na mistari inayoviunganisha. Kanjia mnakokatiza wote kila asubuhi, kama hakuna aliyekachora, kwa programu hakapo kabisa.

Mi mwenyewe nimekutana nayo chuo kimoja nilikoenda kufundisha siku mbili. Ramani ikanileta kwenye mlango kweli, nikashukuru, kumbe ni mlango wa dharura, bati zima, kwa nje hauna kitasa, na pembeni pamebandikwa karatasi imeandikwa kwa peni "zunguka upande wa pili" na mshale, wino umeshapauka kwa jua. Nilisimama pale nikaiangalia ile karatasi muda mrefu. Kuna mtu alichoka kuona watu wanahangaika akaamua kuwasaidia, na kwa anayefika pale inasaidia, ila ramani haikuambiwa kitu, kwa hiyo kila mgeni anaendelea kuletwa pale pale.

Fanya hivi. Jioni moja zunguka venyu zako zote bila haraka, ukifika kwenye mlango wenyewe bonyeza skrini kwa muda kwenye kile kidoti, pini itatokea, ihifadhi kwa jina lile lile lililoko kwenye taimtebo. Siku ya lekcha usitafute jina la jengo, fuata pini yako. Na watumie wenzako kwenye grupu, itawaokoa wengi.

Nje ramani iko sawa ila nikiingia ndani ya jengo kidoti kinaniweka barabarani, na ghorofa haijui kabisa. Kuna programu ya ndani ya majengo?
*Mwalimu mgeni*

Zipo mwalimu, ila zinategemea chuo chenyewe kimefanya kazi gani. Mawimbi ya GPS yakifika huku chini ni dhaifu mno, zege na mabati yanayamaliza, kwa hiyo ndani simu inabahatisha kwa kutumia waifai zilizopo. Ili ipatie vizuri lazima mtu awe amepima jengo, yaani ama waifai zimesajiliwa ziko wapi, ama wamebandika ukutani vile vifaa vidogo vya Bluetooth vinavyoitwa bikoni, ambavyo betri zake zikiisha bila mtu wa kuzibadilisha ramani ya ndani inaanza kudanganya. Ghorofa simu nyingine zinaijua kwa kipima mgandamizo wa hewa, ukipanda kama mita 8 mgandamizo unashuka hektopaskali 1 hivi, inatosha kabisa kutofautisha ghorofa na ghorofa ila sio simu zote zinacho.

Mi naamini sana katika kitu kinyonge zaidi, namba za vyumba. Pale chuo cha teknolojia cha MIT, Marekani, majengo yana namba na chumba kinaandikwa 10-250, yaani jengo la 10, chumba 250, na ile 2 ya mwanzo ndo ghorofa. Ukishajua hivyo hata simu ikizima utafika. Ulizia siku ya kwanza namba za kwenu zinasomwaje, manake karibu kila chuo kina utaratibu wake na wenyeji wameshauzoea mpaka hawakumbuki kumwelezea mgeni.

Bando likiisha ramani inakufa?
*Bila jina*

Haifi. GPS haili bando hata kidogo, simu inasikiliza tu setilaiti. Kinachohitaji intaneti ni picha ya ramani na kutafuta njia, kwa hiyo ukiwa kwenye waifai pakua ramani ya eneo mapema. Google Maps inaruhusu, na Organic Maps na OsmAnd zimetengenezwa kabisa kwa matumizi ya bila intaneti, na mara nyingi njia za miguu za ndani ya kampasi ziko vizuri zaidi huko. Bila data kidoti kinaweza kuchelewa kutokea mwanzoni, nusu dakika au zaidi, kaa sehemu ya wazi usubiri.

Habari kaka. Rafiki yangu anatumia kiti mwendo. Programu inatuambia dakika 4 kutoka bweni mpaka maktaba, sisi tunatumia 20 kwa sababu kila njia inayoonyesha ina ngazi katikati. Juzi alilia. Hakuna ramani inayomjua mtu kama yeye?
*Rafiki yake*

Dada yangu, meseji yako nimeisoma mara tatu. Programu inaposema dakika 4 imemhesabu mtu mwenye miguu inayopanda ngazi, haikumuuliza rafiki yako. Nyingi zinachukulia kila njia ya miguu ni sawa, ngazi 6 au lami tambarare kwao ni mstari tu.

Zipo zinazojaribu. Wheelmap ilianzishwa Ujerumani 2010, inaonyesha kwa rangi sehemu gani kiti kinapita, kinapita kwa shida au hakipiti, na yeyote anaweza kujaza. AccessMap, ya watu wa Chuo Kikuu cha Washington pale Seattle, inatafuta njia kwa kuangalia mwinuko na kingo za barabara kutegemea unatembeaje, ila kazi hiyo inawezekana tu pale ambapo data za njia za miguu zimekusanywa. Na hapo ndo tatizo letu wote linarudi, ramani inajua ilichoambiwa.

Kwa hiyo nakuomba kitu. Wheelmap inatumia OpenStreetMap, ramani ya wazi ambayo Steve Coast aliianzisha Uingereza 2004 na mtu yeyote anaweza kuihariri. Kaeni na rafiki yako, yeye ndo mtaalamu hapo sio mimi wala wewe, aseme rampu ipi inapandika kweli na ipi iliwekwa ili ionekane ipo, lifti ipi inafanya kazi, mlango upi mzito hausukumiki ukiwa umekaa. Kwenye simu ya Android sakinisha StreetComplete, inakuuliza maswali mepesi kuhusu mahali uliposimama, unajibu, inaingia kwenye ramani. Wikiendi moja ya kuzunguka na njia ya bweni mpaka maktaba itakuwa imekaa sawa kwenye ramani. Alafu hiyo orodha ya ngazi zisizo na rampu msiiache kwenye simu, ipelekeni ofisi ya wanafunzi na picha, manake ramani nzuri inamwonyesha wapi pa kuzunguka ila ngazi bado ziko pale na anayeweza kuzitoa ni chuo.

Tuko wanne tunasoma kompyuta, tunataka kutengeneza apu ya ramani ya chuo chetu kama projekti ya mwisho. Tuanzie wapi?
*Kundi la mwaka wa tatu*

Msianzie kwenye apu, wadogo zangu. Nimeona projekti za hivi zikipendeza siku ya kuwasilisha, rangi nzuri, kitufe cha kutafuta, alafu wenye nazo wakihitimu hakuna wa kuigusa, jengo jipya linafunguliwa halimo, ofisi inahama bado iko pale pale, na mwaka unaofuata kundi lingine linaanza upya. Data ndo kazi. Ziwekeni OpenStreetMap ambako zitabaki hata nyie mkiondoka, na apu yenu izisome kutoka huko. Kuna programu inaitwa Every Door, ipo Android na iPhone, inaweka milango kwa haraka sana mkiwa mmesimama mbele yake. Msinakili kutoka Google Maps, leseni hairuhusu, tembeeni wenyewe.

Na eneo la mtu liombeni wakati anatumia tu. Hakuna sababu ya ramani ya chuo kujua mwanafunzi alilala wapi, na msitunze njia alizopita hata kama mwalimu wenu atasema zinafaa kwa takwimu.

Chukueni jengo moja kwanza, lile linalopoteza watu kuliko yote, mnalijua. Wekeni milango yake yote, kila mmoja na aina yake, upi mkuu, upi unafungwa saa 12 jioni, upi una rampu, upi ni wa wafanyakazi. Wapeni simu wageni watatu ambao hawajawahi kufika, msiseme neno, mtembee nyuma yao. Na mkikuta ule wa bati usio na kitasa kwa nje, uandikeni wa dharura.