Nguo si nguo tu: namba ya HS iliyonikosesha Idd

Juzi usiku nikiwa nafunga hesabu za duka, dada mmoja anayenisoma hapa alinitumia ujumbe: "Dada, mzigo wangu wa sketi leo siku ya sita umekwama bandari kavu. Wanasema namba ya HS siyo, na thamani wameipandisha. Wakala wangu wa forodha ananiambia nitulie tu. Nifanyeje?" Nilisoma mara mbili, moyo ukanienda mbio. Ujumbe ule ningeweza kuuandika mimi mwenyewe, Aprili 2023.

Nilimjibu kwa kifupi usiku uleule, ila nimeona niliandike kwa kirefu. Namba ya HS ni ile namba ambayo forodha wanaitumia kutambua aina ya kila bidhaa. Nyie mnaosoma hapa najua mnataka nini, maana ndicho nilichokitaka: kuacha kuchangia kontena na watu, na siku moja kuliona jina lako kwenye nyaraka za mzigo wako.

Mimi nilianza Kariakoo kwa kuuza magauni ya watu kwa kamisheni. Ya katikati nayaruka. Mwanzoni mwa 2023 nikapanda ndege kwenda Guangzhou kwa hela yangu mwenyewe, nikanunua magauni, blauzi, seti za blauzi na suruali, na sidiria, yote ya kuwahi Idd. Muuzaji akaniandikia invoisi ya mstari mmoja: nguo za kike, maboksi 64. Nikaikunja nikaweka kwenye pochi, nimeridhika kabisa.

Nilipompa wakala, nilimuuliza kama hahitaji maelezo zaidi. Akanijibu, "Dada yangu, nguo ni nguo. Ushuru wote ni asilimia 35." Kwenye asilimia hakukosea. Tangu Julai 2022, ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una daraja la nne la asilimia 35, na nguo zilizoshonwa ziliingizwa humo. Mzigo ukiwa na thamani ya dola 10,000 hadi unafika bandarini, ushuru peke yake ni dola 3,500, halafu VAT ya asilimia 18 inakokotolewa juu ya jumla, na tozo nyingine zinafuata. Basi yeye akaona haina haja ya kuumiza kichwa. Maboksi yote 64 akayaweka chini ya namba ya HS 6204.42, magauni ya pamba. Mpaka sidiria.

Mzigo ukaitwa ukaguzi.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mpole. Alichukua gauni la bluu, akageuza upindo, akaweka kioo cha kukuzia juu ya kitambaa, akaniita: "Njoo uone." Nikaona vitanzi vidogo vidogo vimeshikana kama vya sweta. "Hili ni sura ya 61," akasema, yaani namba za HS zinazoanza na 61. Akachukua la pili, la maruni, lile linalovutika kuliko yote. Nikawahi kusema na hilo ni 61, maana linavutika. Akaweka kioo. Nyuzi zilikuwa zinapita juu na chini, juu na chini, kama ukindu wa mkeka. "Kuvutika ni spandeksi kidogo tu waliyochanganya. Hili ni la sura ya 62." Kisha akasoma lebo: polyester, siyo pamba. Akaiweka sidiria pembeni, akasema yenyewe ni 6212, iwe kitambaa cha vitanzi au cha mkeka.

Nilijifunza mengi dakika zile kumi kuliko miaka yangu yote ya sokoni. Ila mafunzo yale nililipia. Tamko la forodha, ile karatasi wakala aliyoniandikia mzigo, lilibidi lirekebishwe, maswali yakaja juu ya maswali, na thamani nayo ikahojiwa, kwa sababu namba ndiyo inayotumika kulinganisha bei yako na ya mizigo mingine ya aina ileile. Gharama za kuhifadhi mzigo zikawa zinapanda kila siku. Wiki ya mwisho ya Ramadhani, wenzangu wanauza mpaka saa tano usiku, mimi nimekaa kwenye benchi bandari kavu na faili mapajani. Mzigo ulitoka siku tisa baada ya Idd. Gauni nililopanga kuuza 45,000 nililiachia kwa 22,000.

Wakala hakupokea simu yangu wiki ile nzima. Mpaka leo tukipishana Mtaa wa Msimbazi ananisalimia vizuri tu, kama hakuna kilichotokea. Nimemsamehe, nadhani. Kusahau bado.

Kilichoniuma zaidi nilikuja kukiona baadaye nilipoisoma sheria yenyewe, ile ya usimamizi wa forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004: mwenye mzigo anabeba alichotamka wakala wake. Maana yake uongo wa kwenye karatasi ni wako, hata kama hukushika kalamu.

Kwa hiyo dada zangu, cha kwanza ni kitambaa. Kabla hujalipa, lione kwa karibu, kamera ya simu inatosha. Vitanzi kama sweta au fulana, sura ya 61. Nyuzi zinazokatana kama mkeka au kitenge, sura ya 62. Usidanganyike na kuvutika.

Kisha lebo. Gauni la polyester la mkeka ni 6204.43, la viskosi ni 6204.44, maana viskosi inahesabiwa kuwa nyuzi bandia na polyester ni sintetiki. Vikichanganywa, unafuata chenye uzito mkubwa. Dai lebo yenye asilimia. Muuzaji akisema hajui, anajua.

Seti zinahitaji moyo. Ili blauzi na suruali zihesabiwe kuwa seti, lazima ziwe za kitambaa kilekile, rangi ileile, saizi zinazoendana, na ziuzwe pamoja. Vinginevyo kila kipande kina namba yake. Na hizi shati pana zinazovaliwa na wote, angalia vifungo: kulia kukilala juu ya kushoto, ni ya kike. Kama huwezi kabisa kujua ni ya nani, kanuni inaipeleka kwa wanawake.

Halafu invoisi. Jamani, invoisi! Kila aina na mstari wake: ni nini, kitambaa kipi, nyuzi gani, vipande vingapi, bei gani. Kama una wasiwasi, sheria inakuruhusu kuomba uamuzi wa namba kwa maandishi kabla mzigo haujaja. Tangu Idd ile nimeleta mizigo sita kwa jina langu, na hakuna hata mmoja uliokwama kwa ajili ya namba. Nasema hivi kwa kifua mbele. Tunakesha tukihesabu faida, tunashindwa kukaa saa moja na kitambaa chetu wenyewe? Hela uliyokopa kwenye kikoba ni amana ya watu. Mwanamke anayejua mzigo wake hababaishwi na mtu. Soma. Uliza. Shika kitambaa kwa mkono wako.

Na wewe dada wa sketi, nimezikuza picha ulizonitumia. Wakala wako ameandika 6204.53. Mimi kwenye picha ya tatu, pale upindo ulipofumuka, naona vitanzi, na lebo inasema polyester asilimia 95. Hiyo ni 6104.53, forodha wako sahihi. Mwambie wakala arekebishe tamko leo, usilipie siku nyingine kwa kubishana. Lakini ile thamani waliyokupandishia, kama risiti zako za benki zipo, hiyo usiiache: una siku 30 tangu siku ya uamuzi kumwandikia Kamishna aupitie upya. Barua yangu ya mwaka jana ninayo. Nitakutumia uone nilivyoipanga.