Ripita naisikia vizuri, mbona yenyewe hainisikii?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi niko Boulder Creek, huku kwenye milima ya Santa Cruz, California. Leseni ya Technician (ngazi ya kwanza ya redio za ridhaa Marekani) nimeipata juzijuzi na nina kiredio koli cha Baofeng UV-5R. Ripita ya K6BJ (kituo kinachopokea sauti na kuirusha tena mbali zaidi) kwenye megahezi 146.790 naisikia kama watu wako sebuleni kwangu, lakini nikiita mimi, kimya. Redio mbovu au ni hii milima? Na Desemba naenda nyumbani Tanga, naweza kwenda nayo?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, hongera ya leseni. Redio yako sidhani kama ina shida. Mimi niko San Jose, upande wa pili wa huohuo mlima wako, hicho kilio nimeshakisikia mara nyingi na mara nyingi ni menyu tu haijakaa sawa.

Kwanza jua kwamba kusikia na kusikika ni vitu viwili. Ripita imekaa juu, ina antena ya maana na wati za kutosha, wewe una wati 4 au 5 na kiantena cha mpira, kwa hiyo yenyewe kukufikia wewe ni rahisi, wewe kuifikia ndio kazi. Halafu haisikilizi pale inapoongelea. Inatoa kwenye 146.790 ila inasikiliza kilohezi 600 chini yake, yaani 146.190, sasa kama redio yako haishuki ukibonyeza kitufe, unaongea mahali ambapo ripita haina sikio kabisa. Menyu ya 25 weka alama ya kutoa (-), ya 26 weka 00.600. Na hayo yote yafanye ukiwa upande wa frikwensi, sio upande wa chaneli, ukishamaliza ndio u-save, maana ukibadilisha ukiwa ndani ya chaneli redio inakukubalia halafu inasahau, hapo ndipo wengi wanapopoteza wikendi nzima.

Baada ya hapo ni toni, na hii ndio namba moja kwangu. Toni ni hodi. Ni mlio mzito wa chini redio inautuma pamoja na sauti yako, ripita isipousikia haifungui mlango hata uwe umesimama chini ya mnara wake. Usidhani wanaringa, kuna sababu. Kiangazi huku pwani ukungu ukitanda, hewa baridi ya baharini inalala chini na hewa ya moto inaifunika kama mfuniko, mawimbi ya redio yananaswa humo yanasafiri mamia ya kilomita, mtu wa kusini kabisa mwa California anaongea na ripita ya kwao na sauti yake inatua huku kwenye frikwensi hiyohiyo. Bila hodi ripita zingekuwa zinafunguliana usiku kucha. Namba ya toni itazame kwenye RepeaterBook, orodha ya ripita iliyoko mtandaoni, uiweke menyu ya 13. Sio 11 jamani! 11 ni ya kupokea, ukikosea hapo hata kusikia kwenyewe kunaweza kukata ukaja kuniambia redio imekufa.

Kujua ni menyu au mlima, shuka mjini Santa Cruz, tafuta sehemu ya wazi, bonyeza, subiri nusu sekunde ndio utaje alama yako ya wito, halafu achia. Ukisikia ripita inabaki hewani kidogo, mara nyingi na kamlio, ujue umefungua mlango. Kama hata pale wazi hakuna kitu, rudi kwenye menyu. Usibonyeze tu na kuachia bila kujitaja, sheria hairuhusu na wazee wa pale watakusema.

Kama mjini inafunguka na nyumbani hapana, basi ni mlima. Boulder Creek mko ndani ya bonde, kuta huku na huku na ile miti ya redwood mirefu iliyolowa ukungu, na masafa haya yanakwenda karibu kwa mstari ulionyooka. Antena isimamishe wima, watu wanailaza kama wanaongea na simu. Sogea hatua moja, mbili. Usicheke, wimbi lenyewe lina urefu wa kama mita 2 na likigonga kuta za bonde linarudi likajikata lenyewe, kwa hiyo mahali ni pabovu na hatua moja pembeni ni pazuri, mimi nimeshawahi kuhama kutoka mlangoni hadi kwenye pipa la taka na mazungumzo yakanyooka. Kwenye gari weka antena ya sumaku juu ya paa, ndani ya bati unajifungia mwenyewe. Nyumbani tafuta antena ya nusu wimbi uipandishe juu kadiri unavyoweza, hiyo itakusaidia kuliko kununua redio ya wati nyingi.

Tena jifunze na kuongea moja kwa moja bila ripita, 146.520, na majirani zako wa bondeni. Moto wa msituni wa CZU wa Agosti 2020 uliwafikia hukohuko kwenu, na ripita nayo inategemea umeme kama friji, ukikatika inaweza kunyamaza.

Tanga kwenda nayo ni suala la kibali, leseni ya Marekani haikuruhusu kurusha mawimbi kule, waandikie TCRA (mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania) mapema kabla ya kukata tiketi. Na hizo chaneli zako za huku zifute, maana kwa upande wa kwetu Afrika bendi hii ya ridhaa ni megahezi 144 hadi 146 tu, inaishia hapo, na hiyo 146.790 unayoizoea ukiibonyeza kule unaweza kuwa umeingia kwenye mawasiliano ya watu wengine kabisa.