Jibu: Nyambizi ya rimoti inazamisha omo kupita kiasi

Waalaikum salaam ndugu yangu wa Wete. Umeuliza kwa nini nyambizi yako ikipiga mbio huchoma omo (sehemu ya mbele) chini moja kwa moja, na kama mapezi makubwa yatasaidia. Mapezi yaache kwanza. Anza na farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo. Vipande vya madini ya risasi vikae chini kabisa, juu ya mkuku (uti wa chini wa chombo), na boya la povu liwekwe juu. Uzito ukikaa chini na nguvu ya kuelea ikawa juu yake, chombo hujinyoosha chenyewe. Tangi la maji nalo liwe katikati, la sivyo kila ukilijaza linainamisha upande mmoja.

Kisha mapezi ya tezi (sehemu ya nyuma), maana hayo ndiyo yanayotawala mwinamo. Ya omo yaachie kazi ya kina. Funga kihisi cha mwinamo kwenye sevo ya tezi, ile mota ndogo inayogeuza mapezi. Kabla ya kuitia majini, ishike mkononi uinamishe omo: ncha ya nyuma ya mapezi ya tezi lazima ipande juu. Ikishuka, kihisi kimegeuzwa, na hapo ndipo vyombo vingi hupotelea. Nyambizi ikipanda na kushuka majini kama pomboo, punguza ukali wa kihisi.

Ila bandarini usiizamishe, nakusihi! Maji chumvi humeza mawimbi ya redio karibu yote; ya masafa ya 2.4 GHz, ya rimoti nyingi za siku hizi, hayapiti hata kwenye maji yasiyo na chumvi ya kina kidogo. Tafuta bwawa la kuogelea na rimoti ya 40 MHz, masafa ya chini yanayopenya maji vizuri zaidi. Ukirudi baharini juu juu tu, ongeza farumi kidogo, chumvi huinua chombo.