Maswali ya Wasomaji: Kivinjari Kipya Kimefika, Tunahamaje?

Nimetumia Chrome kwenye kompyuta ya Windows miaka mingi. Wiki hii nimeweka Firefox nikaiagiza ilete kila kitu kutoka Chrome. Alamisho zimekuja, lakini manenosiri hayakuja hata moja. Nimekosea wapi? — Msomaji, Nakuru

Hujakosea popote. Tangu 2024 Chrome ya Windows imeanza kufungia data nyeti kwa ufunguo ambao programu nyingine hazipewi. Walengwa ni virusi ambavyo kazi yao ni kuchota manenosiri ndani ya kivinjari na kuyatuma kwa wezi. Firefox nayo ikagonga mlango huohuo ikaukuta umefungwa. Basi itabidi uyatoe mwenyewe.

Ndani ya Chrome, andika chrome://password-manager/settings kwenye upau wa anwani, kisha chagua kupakua faili ya manenosiri. Windows itakuomba PIN au alama ya kidole. Utapata faili ya CSV, yaani orodha ya maandishi ya kawaida yaliyotenganishwa kwa mkato. Halafu fungua Firefox, andika about:logins, bofya vitone vitatu juu, chagua kuingiza kutoka kwenye faili, uielekeze kwenye CSV hiyo.

Hiyo faili ishike kwa tahadhari kubwa. Ukiifungua kwa Notepad utaona mstari wa kwanza umeandikwa name,url,username,password,note, na chini yake kila nenosiri lako liko wazi, halijafichwa hata herufi moja. Usiitume WhatsApp, usiiache Desktop ikiwa OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, inanakili Desktop yako. Wala usiihariri kwa Excel: nenosiri 004518 litahifadhiwa kama 4518, na linaloanza na alama ya = litachukuliwa kuwa fomula. Ukishahakikisha manenosiri matatu au manne yanafanya kazi, ifute kwa Shift na Delete ili isibaki kwenye pipa la taka.

Kuna vitu CSV haibebi. Funguo za siri zinazotumia alama ya kidole badala ya nenosiri (wengi huziita passkey) hazimo; utatengeneza mpya katika kila tovuti. Vichupo (tab) vilivyo wazi pia hubaki nyuma, kwa hiyo kabla ya kuhama bonyeza Ctrl, Shift na D kwenye Chrome ili vyote vihifadhiwe kama alamisho katika folda moja, halafu uingize alamisho upya. Na tovuti zenye uthibitisho wa hatua mbili zitakiona kivinjari kipya kama kifaa kigeni, zitatuma msimbo kwenye simu. Laini iliyosajiliwa iwe hewani siku hiyo.

Chrome usiifute bado. Iache mwezi mzima. Kila mara utakumbuka tovuti moja uliyoisahau.

Nina Mac na nimezoea Safari. Nimesikia kuna kivinjari cha ChatGPT. Nihamie huko? — Msomaji, Dar es Salaam

Kinaitwa Atlas, kilitoka Oktoba 2025 kikianzia kwenye Mac. Kwanza bofya nembo ya tufaha, kisha About This Mac: kinataka chipu za Apple za M, kwa hiyo Mac ya Intel haimo. Kimejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome, hivyo tovuti zinazokubali Chrome zitafunguka bila shida.

Ugumu uko kwa msaidizi wake wa akili mnemba anayeweza kubofya na kujaza fomu kwa niaba yako. Anasoma ukurasa mzima, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kuficha humo maandishi yanayomwamuru afanye jambo usilolitaka. Hatari hii haijapata dawa kamili. Ushauri wetu: kitumie kwa kusoma na kutafiti, na msaidizi akitenda kazi, mchagulie hali ya kutoingia kwenye akaunti zako. Benki na barua pepe zibaki Safari. Kuhama nusu si kosa.

Kwenye iPhone, Chrome ina kasi kuliko Safari? — Msomaji, Tanga

Usitarajie tofauti ya maana. Kwa iPhone zinazotumika Afrika Mashariki, Apple inalazimisha kila kivinjari kitumie injini yake ya WebKit, yaani sehemu inayosoma na kuchora kurasa, kwa hiyo Chrome na Firefox hapo ni nguo tofauti juu ya mwili mmoja. Tovuti ikigoma Safari, mara nyingi itagoma na huko. Umoja wa Ulaya ndio wa kwanza kufunguliwa njia ya injini nyingine, Machi 2024.

Faida iliyopo ni usawazishaji: ukitumia Chrome kazini, alamisho na manenosiri yatakufuata kwenye simu. Ili viungo vifunguke humo moja kwa moja, nenda Settings, Apps, Default Apps, kisha Browser App. Katika iOS za zamani, shuka kwenye Settings hadi jina la Chrome, uligonge, uchague Default Browser App.