Simu ibadani: tuanze na walioko mbele

Mkuu, umeuliza kama simu zizimwe kabisa wakati wa ibada au ziachwe, na wengi wamekujibu zizimwe tangu mlangoni. Mimi hukaa kwenye mitambo ya sauti katika kanisa moja huku Ipagala, Dodoma. Nasema ziachwe, ila si kwa kila mtu.

Tangu serikali ihamie huku, benchi moja utamkuta nesi anayeweza kuitwa kazini muda wowote, dereva wa bosi wa Mtumba kwenye mji wa serikali, na mama mwenye mgonjwa pale hospitali ya Benjamin Mkapa. Ukiwalazimisha kuzima watakaa nje chini ya mti, na kule nje ni soga tu. Vijana wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ndio kabisa, Biblia yao iko kwenye simu. Halafu lipa namba ya kutoa sadaka kwa simu tumeibandika wenyewe ukutani!

Kinachonisumbua mimi ni ule mlio wa "trr-trr-trr" kwenye spika, sekunde chache kabla simu haijaita. Huo hautoki kwa waumini wa nyuma. Ni simu iliyo jirani na maiki au waya wake: kwenye mfuko wa koti la mhubiri, juu ya mimbari, mkononi mwa kiongozi wa kwaya. Simu ikiwasiliana na mnara kwa 2G, ule mtandao wa zamani, hutuma mawimbi kwa mapigo, na waya wa maiki unayanasa. Kuiweka kimya hakusaidii, maana mawasiliano na mnara yanaendelea. Kwa hiyo walioko mbele wazime, au waweke hali ya ndege. Biblia iliyokwisha kupakuliwa itasomeka vilevile. Na ndio hao hao wanaotutangazia "zimeni simu zenu"! Kuna mzee wa kanisa nilimfuata kabla ya ibada: "Shikamoo mzee, naomba nikushikie simu." Akacheka, akanipa. Wengine hununa.

Kwa sisi wa kwenye mabenchi: kimya, siyo mtetemo. Simu ikitetemeka juu ya benchi la mbao inasikika mpaka safu ya tatu. Alamu nayo uiangalie, kwenye simu nyingi inalia hata ukiweka kimya. Mwenye dharura akae pembeni karibu na mlango, ikiita atoke kwanza ndipo apokee. Siyo kuinama na kunong'ona "niko kanisani, nitakupigia", kanisa zima tunasikia.